Dawa ya Mtu Asiyeumwa

Ndugu zangu, salamu tumeshapeana pale mlangoni mkono kwa mkono, kwa hiyo sitawachosha na za pili. Mwenyekiti wa jumuiya ameniomba nisimame, akanionya, "Mama Kulwa, uwe mfupi." Nimemwambia mfupi wa kimo naweza, huo Mungu alishanipa, lakini mfupi wa maneno sijui. Anayetaka kuegemea ukuta aegemee sasa.

Majina ya watu sitayataja. Wengine wana watoto wanaosoma na watoto wenu. Nitajitaja mimi tu.

Mimi ni mzaliwa wa Kishapu. Mnaoijua Kishapu mnajua: pamba, ng'ombe, vumbi, na mvua ya kubembelezwa. Nilizaliwa mwembamba, nikakua mwembamba. Shuleni waliniita Njiti, na jina likanifuata kila nilikokwenda. Halikuniumiza jina hilo, maana nililima kama wengine na kuteka maji kama wengine, na Baba Kulwa aliponioa alinioa hivyo hivyo, hakulalamika.

Tukahamia machimboni, upande wa Geita. Yeye alikuwa anashuka kwenye duara, lile shimo lenyewe la dhahabu. Mimi nikapata kazi ya juu, kuponda mawe. Tulikaa wanawake chini ya turubai, kila mmoja na nyundo yake na rundo lake, tukiyavunja mpaka yawe madogo ya kuingia karashani, ile mashine ya kuyasaga. Ni kazi ya mgongo na mabega. Jioni unanyoosha mkono kuchukua kikombe cha uji, kikombe kinatetemeka mpaka unaona aibu mbele ya watu.

Mungu akatupa mapacha, Kulwa na Doto. Kwetu mapacha ni heshima, hilo halihitaji maelezo hapa. Lakini kunyonyesha wawili huku unaponda mawe, akina mama wenzangu, kulinimaliza. Nilibaki mifupa na macho. Na hapo ndipo maneno yalipoanza. Unafika bombani, wanaoongea wananyamaza. Unakaa chini ya turubai, mwenzio anasogeza kopo lake la maji upande wake. Siku moja nilisikia kwa masikio yangu haya, "Yule kakanyaga waya." Naona mmeinamisha vichwa, kwa hiyo mnaujua waya wenyewe.

Tulikwenda kupima virusi, mimi na mume wangu. Wote wazima. Furaha yangu iliishia getini pa zahanati, maana majibu ya kipimo huwezi kuyavaa shingoni ukapita nayo mtaani. Watu wanausoma mwili.

Halafu mama mkwe akaja kutoka kijijini kuwaona wajukuu. Nilimpigia goti, "Shikamoo mama." Hakuniitikia mara moja. Aliniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani, akamgeukia mwanawe. "Huyu mkeo anakula kweli, au unamfichia chakula?" Waliokuwepo walicheka. Ulikuwa utani, najua sasa. Wakati ule nilikwenda jikoni nikajifanya napuliza moto, kumbe moto ulikuwa unawaka vizuri tu.

Kwenye gulio letu kulikuwa na dada mmoja akiuza mitandio na mafuta ya kupaka. Mnene kiasi, amependeza, anacheka na kila mtu. Siku hiyo nilikuwa nachagua mtandio wa kujifunika mabega, mifupa isionekane. Akanishika mkono wangu hapa, juu ya kiwiko, vidole vyake vikakutana.

"Dada, mbona unajificha? Kuna dawa."

"Mimi siumwi," nikamwambia. "Nimepima."

"Ndiyo maana nakwambia wewe. Hii si ya mgonjwa. Mgonjwa anatibiwa, mzima anaongezwa. Utapata mwili, utapata nguvu, na hayo maumivu ya mgongo utayasahau."

Akatoa chini ya mitandio kifuko cha nailoni kilichofungwa fundo. Ndani vidonge vidogo vya rangi mbili. Hakuna jina wala maandishi. Sikuuliza. Nyie mnaofikiri mngeuliza, mimi nilikuwa na watoto wawili mgongoni na kifuani, na nimechoka.

Nawaambia ukweli na ukweli wenyewe hautanipendezesha: vidonge vile vilifanya kazi. Ningekuwa muongo kusimama hapa niseme vilinidhuru tangu siku ya kwanza. Nilianza kusikia njaa ya ajabu. Ugali wa kushibisha wachimbaji nilimaliza peke yangu, nikatafuta michembe, vile viazi vya kukaushwa, ya kutafuna juu yake. Mgongo ukanyamaza. Nyundo ikawa nyepesi kama mwiko. Nilikuwa naimba nikiponda mawe, mimi ambaye hata kanisani nilikuwa nafungua mdomo tu bila sauti. Msimamizi akaja kuniangalia, akasema, "Leo huyu Njiti amekula nini?" Akaanza kunipa yale mawe magumu ambayo walikuwa wanapewa wanawake wenye miili.

Mashavu yakajaa. Wale wa bombani wakaanza kunisalimia kwanza. Yule aliyekuwa anasogeza kopo lake akaniuliza siri yangu, nikamwambia ni maziwa na utulivu wa ndoa. Baba Kulwa alitembea na mimi barabarani akiwa amenyoosha shingo. Na tulipokwenda kijijini kwenye harusi ya shemeji yangu, mama mkwe alinipigia vigelegele mbele ya ukoo mzima, akanishika mashavu haya kwa mikono miwili. "Sasa huyu ni mkwe," akasema. "Mwanangu anamtunza mtu." Nilicheza ngoma siku ile mpaka vumbi likapanda hadi magotini. Nilijiona nimezaliwa upya.

Tatizo lilianza na picha.

Tulikuwa na picha moja ya ndoa, ukutani. Doto alikuwa ameanza kuongea vizuri. Akaielekezea kidole akaniuliza, "Mama, huyu nani?" Nikamwambia, huyu ni mimi. Akacheka. Akaniangalia, akaiangalia picha, akasema, "Hapana." Akamkimbilia mwenzake kumwambia mama anadanganya.

Nikachukua kioo. Uso ulikuwa wa duara kama sahani, macho yamezama. Nyuma ya shingo kulikuwa na nundu ya nyama. Tumbo limekuja mbele, lakini miguu ilibaki ile ile ya Njiti, tena imepungua. Tumboni na mapajani nilikuwa na michirizi ya rangi ya damu ya mzee, mipana kama kidole. Na kidevuni, jamani, nywele. Nilizing'oa asubuhi kabla mume hajaamka. Nikigonga kidogo tu kwenye meza, mkono unafanya alama nyeusi. Kidonda kidogo cha jiwe mguuni kilikataa kupona. Na usingizi ulinikimbia, na hasira ikaja kukaa mahali pake.

Hapa lazima niwajulishe mtu mmoja. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa bibi mjane, asiye na mtoto aliye karibu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, maana alikuwa anachemsha maharage ya kuuza tangu ujana wake. Ndiye aliyekuwa anawaangalia mapacha wangu nikiwa kazini. Siku moja alinipokea kwa upole, akasema, "Mayu, mama yangu, nisamehe. Uso wako umejaa lakini miguu inakukimbia. Unakunywa kitu?"

Nililipuka. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Nilimfokea mbele ya watoto, nikamwita mchawi wa macho mekundu anayenionea wivu, na nilifoka kwa sauti ya kumfikia hata mwenye karasha. Mtaa mzima ulisikia. Yule bibi akachukua sufuria yake, akaingia ndani. Kesho yake alikuja kuwachukua watoto kama kawaida. Mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama.

Basi nikaamua kuacha. Nilidhani ni uamuzi tu, kama mtu anavyoacha sukari kwenye chai. Nikavitupa vyote.

Haikupita siku nyingi. Niliamka nikashindwa kukaa. Viungo vyote vinauma kama nimepigwa, kichwa kinazunguka, natapika hata maji. Baba Kulwa alidhani malaria. Tukapima, hakuna malaria. Nililala pale kitandani nikijua kitu ambacho mume wangu hakijui, na sikuwa na mdomo wa kukisema. Mwishowe nikamtuma yeye mwenyewe gulioni, nikamwambia akachukue "mafuta yangu" kwa yule dada wa mitandio. Akaleta, masikini, kwa mkono wake. Nilimeza. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimesimama, nafagia uwanja.

Ndugu zangu, kuna watu wanadhani kifungo ni nondo. Mimi nilikuwa nafagia uwanja wangu mwenyewe, kwenye jua, watu wananisalimia, na nikajua siwezi kutoka. Nikiendelea, mwili unageuka kitu ambacho mwanangu hakijui. Nikiacha, naanguka. Nikisema, mume atajua alimtunza mtu wa vidonge, mama mkwe atajua alipiga vigelegele bure, na wale wa bombani watarudi kwenye waya wao. Nilijaribu tena kuacha, na tena. Kila mara mwili ulinirudisha ukiwa umenishika nywele.

Nikamfuata yule dada. Nikamwambia, nitoe humu. Hakucheka safari hiyo. Alisema, "Mama Kulwa, mwili ukishazoea ndiyo basi. Endelea tu kidogo kidogo, nani amekufa?" Kumbe na yeye mwenyewe, nilipomwangalia vizuri, uso wake ulikuwa wa sahani. Ile nundu ya shingoni ameifunika na mtandio. Hakuwa mtu mbaya wa hadithi. Alikuwa humo humo ndani na mimi.

Halafu ikatokea rashi. Dhahabu ilionekana mahali pengine, mbali, na kama mnavyojua dhahabu ikiitwa watu wanaitika. Nusu ya gulio lilihama ndani ya wiki moja, na dada wa mitandio akahama nalo. Simu yake haipatikani. Kifuko changu kikawa kinaisha. Nikapita maduka ya dawa.

"Nataka vile vidonge vya rangi mbili."

"Vinaitwaje, mama?"

"Sijui. Kimoja cheupe."

Yule binti wa duka alinihurumia kweli. "Mama, rangi si jina. Nikikupa ninachobahatisha nitakuua."

Nilikuwa nimekula kitu kwa muda wote ule na sikujua hata kinaitwaje.

Kifuko kilipoisha, nilianguka nikiwa kazini, chini ya turubai, nyundo mkononi. Ninachokumbuka ni kelele za karasha zikienda mbali, zikienda mbali, kama gari linaloondoka. Walinibeba kwa bajaji mpaka kituo cha afya. Presha ilikuwa chini kiasi kwamba muuguzi alidhani mashine yake imeharibika, akapima na nyingine. Wakanitundikia maji. Yakaisha, wakatundika mengine. Sikuinuka.

Daktari alikuwa mwanamke, kijana, mdogo kwangu. Alinifunua tumbo, akaiona ile michirizi. Akaniuliza taratibu, "Mama, kuna dawa yoyote unatumia? Ya kienyeji, ya dukani, ya kupendeza, yoyote?"

Mama mkwe alikuwa amekaa miguuni pangu. Alikuwa ameitwa usiku uliopita, amesafiri, bado ana vumbi la njiani. Alikuwa ameshika unyayo wangu anaupasha joto kwa viganja.

"Hapana," nikasema. "Sijanywa kitu."

Daktari aliniangalia tena. "Hata kama ni aibu, niambie. Bila kujua nakutibu gizani." Nikafumba macho. Akasubiri, kisha akaitwa kwa mgonjwa mwingine. Ndugu zangu, nilikuwa nakufa na nilikuwa naona bora nife na mashavu yangu.

Kitanda changu kilikuwa chini ya dirisha, na nje ya dirisha palikuwa na benchi. Mchana, wakati wa kuona wagonjwa, wakaja ndugu wa kiume wa upande wa mume. Hawakuingia. Walikaa kwenye benchi lile wakaongea, wakidhani nimelala.

Mmoja akasema, "Malaria hakuna, maji hayasaidii. Huu ni mkono wa mtu."

Mwingine akasema, "Mtu mwenyewe anajulikana. Yule bibi wa macho. Waligombana, mtaa mzima ulisikia, na mwenyewe mgonjwa alimtaja kwa mdomo wake kwamba ni mchawi."

"Vijana wameshaambiwa. Jioni wanakwenda kuongea naye."

Nyie ni watu wa huku. Sina haja ya kuwaeleza, huku kwetu vijana wakienda jioni "kuongea" na bibi mjane mwenye macho mekundu, maana yake ni nini. Kuna nyumba tunazipita mpaka leo hazina mtu.

Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Nilisikia mmoja wao anaiwasha pikipiki, anaizima, wanaendelea kuongea. Nikausukuma mguu wangu kwenye viganja vya mama mkwe. Akasogea. Nikasukuma tena. Akainama karibu na mdomo wangu.

"Mama," nikasema. "Sikulogwa. Nilikunywa."

"Ulikunywa nini?"

"Vidonge. Vya kunenepa. Muda mrefu. Yule bibi aliniona, akaniuliza, ndiyo maana nikamtukana. Mama, wasiende."

Alinitazama. Ninawaambia, sijawahi kutazamwa vile. Niliona anapita kwenye kumbukumbu zake, anafika kwenye ile harusi, anafika mlangoni pangu siku aliyokuja kuwaona wajukuu. Nilikuwa nasubiri anitemee mate.

"Ng'wana wane," akasema, "mwanangu, mimi nilitaka uwe mzima. Kunenepa kwako ningekutakia nini?"

Akasimama. Mama mkwe wangu ni mtu wa magoti mabovu, anatembea kwa kujishika ukuta. Alitoka wodini haraka kuliko muuguzi. Nikamsikia nje ya dirisha, kwa Kisukuma, akiwaambia wale wanaume maneno ambayo kwenye jumuiya hii sitayatafsiri. Mmoja akajaribu kubisha: vijana wameshaambiwa, huenda wameshatangulia. Akamwambia, "Basi washa hiyo pikipiki yako unipeleke mimi." Na akapanda. Mama wa umri ule, na magoti yale, alipanda pikipiki.

Alikwenda kwa yule bibi, akatandika kitenge chake kwenye kizingiti cha mlango, akakaa. Vijana walipofika walimkuta hapo. Akawaambia anayetaka kuongea na mwenye nyumba aanze na yeye, na kwamba mkwe wake amekunywa sumu ya dukani kwa hiari yake, na ajabu ya wanaume wazima ni kushindwa kuuliza duka wakakimbilia kuuliza mlango wa mjane. Hakuondoka pale mpaka walipotawanyika wote, na hata walipotawanyika alilala huko huko. Nilikuja kuambiwa kwamba yule bibi alikuwa ameshafunga mzigo wake, sufuria mbili na blanketi, amekaa nao ndani, hajui akimbilie wapi.

Mimi huku, nilimwita daktari nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alitoka mbio, akarudi na sindano. Na jambo la kushangaza: alinichoma dawa ya ukoo ule ule wa vidonge vyangu.

"Nilijua utashangaa," akasema. Akanieleza kwa lugha ya kazi yangu. "Mwilini mwako, juu ya figo, kuna viungo viwili vidogo. Kazi yao ni kutengeneza dawa ya aina hii kila siku, kiasi kidogo, cha kukutosha. Wewe umewaletea kibarua wa nje anayefanya kazi yote. Wenyewe wakalala. Sasa kibarua ameondoka ghafla na wenyewe wamelala. Nani aponde mawe?"

"Kwa hiyo siwezi kuacha?"

"Utaacha. Ila si leo. Tutampunguza kibarua taratibu mpaka wenye kazi waamke. Ni safari ndefu na haina raha."

Ni kweli haikuwa na raha. Ilichukua miezi na miezi, na nilikwenda kliniki mpaka walinzi wakanizoea. Dozi ikipungua kidogo tu, maumivu ya viungo yanarudi kudai nafasi yao. Wakagundua pia nina sukari, na mfupa mmoja wa mgongo umepungua nguvu, nyundo nisishike tena. Mashavu yakaanza kushuka, na mnajua kilichofuata. Bombani pakanyamaza tena. Waya ule ule. Siku moja niliporudi nikilia, Baba Kulwa aliniambia, "Waache wahesabu mifupa, mimi ndiye nalala nayo." Akina mama, msicheke sana, baba mwenyewe amekaa pale.

Mume wangu huyo nilimwogopa kuliko wote. Nilipomwambia kwamba ndiye aliyetumwa kuchukua vile vidonge bila kujua, aliondoka nyumbani, nikajua ndoa imekwisha. Alirudi na mihogo ya kuchemsha. Akakaa. Akasema yeye mwenyewe alikuwa anameza vidonge vya maumivu ili ashuke shimoni, kama nusu ya wenzake, na hakuwahi kuona kwamba hiyo ni habari ya kumwambia mke. Tulikula mihogo ile mpaka ikaisha. Baadaye tukauacha mgodi, tukaja huku Bukombe kulima, naye akaenda kwa daktari yule yule.

Na yule bibi nilimfuata. Nilipiga magoti kwenye kile kizingiti. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, yakapotea yote. Alinisikiliza nikilia, kisha akasema, "Nilidhani watoto hutawaleta tena." Hayo tu. Hakusema amenisamehe, na sikuwa na haki ya kumdai aseme. Alinyoosha mikono, Kulwa akaenda, Doto akaenda. Siku tulipohama tulimwomba aje nasi, akakataa, maharage yake yana wateja. Lakini huwa tunamtembelea.

Kutoka kabisa bado sijatoka, sitaki kuwadanganya. Sukari ninayo. Natembea na kadi mkobani inayomwambia daktari yeyote nikianguka kwamba mwili huu uliwahi kulala. Kuna asubuhi nikiamka na uchovu, mkono wangu bado unakumbuka ule urahisi. Nguvu zile zilikuwa tamu, na anayewaambia hazikuwa tamu hajazionja.

Nashukuru. Namshukuru Mungu, aliyenipa sauti pale nilipokuwa sina. Namshukuru mama mkwe wangu, ambaye magoti yake hayakupona safari ile ya pikipiki na hajawahi kunikumbusha. Wabeja sana, mama. Namshukuru daktari aliyeniuliza bila kunidharau, binti wa duka aliyekataa kubahatisha, Baba Kulwa, na bibi ambaye jina lake nimeahidi sitalitaja.

Funzo langu si refu. Wanaume mnaomeza ili mshuke, mabinti mnaokunywa ili mjae, vijana mnaotafuta nguvu kwenye kifuko kisicho na jina: mwili mzima hauna pengo la kujazwa na dawa. Dawa inayokosa ugonjwa hutengeneza wa kwake. Na sisi tunaokaa bombani, tunaotania wakwe, tupunguze kuwasoma watu mifupa.

Lakini mwisho nataka niongee na mtu mmoja. Simjui ni nani, ila kwa watu tulivyojaa humu ndani, lazima yupo. Wewe unayeviweka kwenye kopo la chumvi au ndani ya sidiria, na leo umenisikia ukaingiwa na hofu. Usiviache kwa hasira ukifika nyumbani. Utaanguka kama nilivyoanguka, na watatafuta mtu wa kumlaumu. Endelea na ulivyozoea mpaka kesho asubuhi, vibebe vyote mkononi, twende hospitali. Nitakuwa nje ya geti la kanisa baada ya misa ya kwanza. Huna haja ya kuniambia jina lako. Nisalimie tu, nitasimama, tutakwenda.